Dhamana ya Mashine Mpya: Usikubali Kutengenezewa Nusu Nusu

Ndugu mkulima, mpini wa jembe ukivunjika, wakata mti mwingine na kabla ya jua kuwa kali umekwisha rudi shambani. Lakini pampu ya petroli ikiharibika, hakuna mti wa kukata. Yakubidi kumtegemea fundi, na ikiwa pampu ni mpya, wamtegemea fundi wa yule aliyekuuzia, kwa kuwa karatasi ya dhamana yasema kwamba ukiipeleka kwa fundi mwingine dhamana imekwisha.

Dhamana ni jambo jema. Hata hivyo, wakulima wengi wanaofika ofisini kwetu hulalamika kwamba walipeleka mashine ikiwa na ubovu mmoja, ikarudi na ubovu ule ule, au ikarudi na miwili. Mimi mwenyewe yalinipata hayo, ingawa kazi yangu ni ukarani na kila siku nagonga mihuri juu ya karatasi za watu wengine. Nitakueleza yaliyonipata, kisha tutazame pamoja lipi lingalifanywa.

HABARI YA PAMPU YANGU

Shamba letu liko Kirinyaga, karibu na mto Thiba. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 nilinunua pampu mpya ya petroli kwa shilingi 24,500. Zilikuwa fedha za akiba ya miaka miwili. Nilipewa risiti na karatasi ya dhamana ya miezi sita. Mwezi wa Desemba mimi na mama watoto tulihamisha miche ya nyanya 2,500 katika robo ya ekari.

Katika juma la pili la Januari mwaka 2022, miche ikiwa imeanza kutoa maua, niliona maji yakidondoka mahali ambapo injini inaungana na pampu. Siku ya kwanza yalikuwa matone. Siku ya tatu yalikuwa yakitiririka, na nguvu ya maji katika mpira ikapungua. Nikaifunga juu ya pikipiki, nikaipeleka dukani mjini.

Mwenye duka alinipokea vizuri. Akaitazama, akaichukua ile karatasi ya dhamana, akaniambia, "Acha hapa mwalimu, njoo Ijumaa." Watu huniita mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini. Hakuandika neno lo lote, nami sikumwomba aandike. Ijumaa nilipofika nikaambiwa kipuri hakijaja. Ijumaa ya pili, fundi alikuwa amesafiri. Pampu ilikaa pale siku 19.

Wakati huo jua lilikuwa kali. Ukitaka kumpa kila mche lita moja tu ya maji, miche 2,500 yataka lita 2,500, yaani mitungi 125 ya lita 20. Mama watoto na watoto wetu wawili wakubwa walichota walichoweza asubuhi na jioni, lakini hawakuweza kuyafikia hata mashina nusu kwa siku. Wengine walipata leo, wengine kesho kutwa.

Siku ya 19 nilipigiwa simu. Nilipofika, fundi akavuta kamba, injini ikaunguruma vizuri kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, akaizima. Akanipa kitabu nitie sahihi. Juu ya mstari palikuwa pameandikwa, "Nimepokea mashine ikiwa nzima." Nami kwa haraka ya kuwahi mtoni nikatia sahihi. Pampu haikuwa imevuta hata kikombe kimoja cha maji mbele yangu.

Kesho yake ilimwagilia maji kwa saa moja. Kisha maji yakaanza kutoka mahali pale pale, mengi kuliko kwanza.

KWA NINI ILIVUJA TENA

Ili uelewe kosa la fundi yule, sharti ujue kidogo jinsi pampu hizi zinavyofanya kazi. Ndani ya pampu mna gurudumu lenye mapanga, ambalo mafundi huliita impela. Gurudumu hili limefungwa kwenye mtaimbo unaotoka katika injini. Likizunguka kwa nguvu huyatupa maji nje, na maji mengine huingia nyuma yake kupitia mpira wa kuvutia.

Sasa, mtaimbo unapita katika tundu. Kama tundu hilo lingeachwa wazi, maji yote yangetokea hapo. Kwa hiyo pana sili. Sili hii si pete moja ya mpira kama watu wengi wanavyodhani, bali ni vipande viwili vinavyotazamana. Kimoja kimekaa imara katika nyumba ya pampu, na kingine huzunguka pamoja na mtaimbo. Nyuso zao zimesuguliwa zikawa laini kama kioo, na springi huvisukuma vikae pamoja. Maji kidogo sana hupita katikati ya nyuso hizo na kuzipoza.

Hapo pana mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, pampu ikiendeshwa bila maji ndani yake, nyuso hizo hukosa kupozwa, hupata moto, na kwa dakika chache tu zaweza kupasuka. Ndiyo sababu tunawaambia wakulima kila mara wajaze maji katika pampu kabla ya kuvuta kamba. La pili, vipande hivyo viwili ni kama mawe mawili ya kusagia yaliyozoeana. Ukiweka kipande kipya juu ya kile cha zamani kilichokwisha kupata mikwaruzo, havitakutana sawasawa, na maji yatapita.

Fundi wa duka alifanya hivyo hasa. Alibadilisha nusu moja tu ya sili, akaacha nusu nyingine yenye ufa mwembamba kama unywele. Kisha akajaza gundi ya silikoni pembeni ili kuficha. Bolti moja aliikaza kwa nguvu mpaka nyuzi zake zikakatika.

Nilijuaje haya? Kwanza nilitaka kuifungua mwenyewe kwa spana. Mzee mmoja jirani yangu, aliyetengeneza pampu za maji miaka mingi, alinizuia. Aliniambia, "Ukigusa bolti moja, mwanangu, watasema ni wewe uliyeharibu. Irudishe kama ilivyo, nayo ifunguliwe mbele ya macho yako."

Nikairudisha. Mwenye duka, kabla hata ya kuitazama, akasema, "Mwalimu, ulitia sahihi kwamba ni nzima. Bila shaka umeiendesha bila maji." Nikamwomba kwa upole tuifungue sote wawili tukiwapo. Ilipofunguliwa, ile nusu mpya ilikuwa inang'aa, na ile ya zamani ilikuwa nyeusi yenye ufa. Fundi akanyamaza. Mwenye duka akaona mwenyewe. Sili nzima ililetwa, ikafungwa pamoja na bolti mpya, na kazi yote haikuchukua hata saa mbili. Kazi ya saa mbili ilikuwa imenigharimu karibu siku 30.

Nyanya hazikungoja. Nyanya ikikosa maji wakati wa maua, maua huanguka. Na ikipata maji leo, ikakosa siku tatu, ikapata tena, mmea hushindwa kupeleka madini ya kalisiamu katika tunda, na kitako cha tunda huwa cheusi na kuoza. Huo si ugonjwa wa kuambukizwa, wala hakuna dawa ya kuliponya tunda lililokwisha kuoza. Katika mavuno ya kwanza tulitupa karibu tunda moja katika kila matatu. Nilipomwomba mwenye duka anisaidie katika hasara hiyo, aliniuliza swali moja: "Una karatasi gani inayoonyesha siku uliyoileta?" Sikuwa nayo. Nilipata sili, lakini hasara ya nyanya niliibeba mwenyewe.

DHAMANA NI NINI?

Dhamana ni ahadi kwamba kwa muda uliotajwa mashine ikiharibika kwa ubovu wake yenyewe, itatengenezwa au kubadilishwa bila wewe kulipa. Si bima ya kila ajali. Kwa kawaida haihusu plagi, mpira na vitu vingine vinavyokwisha kwa kutumiwa, wala mashine iliyoendeshwa bila oili au bila maji, wala ile iliyofunguliwa na fundi wa njiani.

Lakini kumbuka kwamba dhamana ya karatasi si haki yako ya pekee. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, ambayo ni Sura ya 31, yasema kwamba ukinunua kitu kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya namna hiyo, kitu hicho sharti kiwe cha ubora unaofaa kuuzwa. Na ukimweleza muuzaji kazi unayoitaka, ukategemea ujuzi wake, kitu hicho sharti kiifae kazi hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 yaongeza kwamba si bidhaa tu, bali hata huduma anayokupa muuzaji yapasa iwe ya ubora unaofaa. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, yataja haki ya mnunuzi ya kupata bidhaa na huduma za ubora wa kufaa, na ya kulipwa fidia kwa hasara iliyotokana na ubovu wake.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia, "Mambo haya ni ya kiwanda, waandikie wao," mjibu kwa adabu kwamba wewe hukununua kiwandani, ulinunua kwake, na risiti ni yake.

KABLA YA KUNUNUA

Mkulima mwenye busara huanza kujilinda siku ya kununua.

1. Mweleze muuzaji kazi yako: maji yako umbali gani, shamba liko juu kiasi gani. Pampu ya namna hii, hata ikiwa nzuri kabisa, haiwezi kuvuta maji yaliyo chini yake zaidi ya futi 25 hivi, na kadiri mahali palivyo juu milimani ndivyo kipimo hicho kinavyopungua. Wengi hurudisha pampu nzima wakidhani ni mbovu, kumbe imewekwa juu mno.

2. Hakikisha karatasi ya dhamana imeandikwa tarehe, nambari ya mashine iliyopigwa juu ya injini, na mhuri wa duka. Karatasi isiyo na mambo hayo ni pambo tu.

3. Uliza nani atakayeitengeneza, na wapi. Duka lisilo na fundi wala vipuri litakupa ahadi za Ijumaa.

4. Uliza habari ya oili. Pampu nyingi mpya huuzwa bila oili katika injini. Ukivuta kamba bila kuitia, umeua injini na dhamana kwa siku moja. Oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 20 hivi za kazi, lakini fuata kitabu cha mashine yako.

MASHINE IKIHARIBIKA

Izime mara moja. Usiendelee "kumalizia mistari miwili iliyobaki." Usiifungue. Piga picha kwa simu mahali penye ubovu, hata picha ya matone yakianguka. Kisha andika katika daftari: tarehe, saa, na ulichokiona.

Unapoipeleka dukani, andika barua fupi nakala mbili. Moja waachie, ya pili waigonge mhuri au watie sahihi na tarehe, uende nayo nyumbani. Si lazima iwe barua ya maneno makubwa. Yaweza kuwa hivi:

"Kwa Mwenye Duka. Leo tarehe fulani nimeleta pampu nambari fulani, niliyoinunua kwako tarehe fulani, risiti nambari fulani. Ubovu wake: maji yanavuja kati ya injini na pampu yanapopita. Dhamana bado haijaisha. Naomba itengenezwe kabla ya tarehe fulani, kwa kuwa mazao yangu yanaitegemea. Naomba pia siku zitakazopita ikiwa kwako zisihesabiwe katika dhamana. Mimi, mteja wako."

Angalia maneno "mazao yangu yanaitegemea." Yanamjulisha muuzaji mapema kwamba akichelewa wewe utapata hasara. Kama ningaliandika mstari huo mmoja, swali la mwenye duka juu ya nyanya zangu lingalikuwa na jibu.

Usiwaachie karatasi yako ya dhamana wala risiti. Waachie nakala. Waweza kumwuliza pia muuzaji kama ana pampu ya kukuazima. Halazimiki kukupa, lakini kuuliza si kosa.

SIKU YA KUICHUKUA

Hapa ndipo mimi nilipoanguka, basi shika sana maneno haya. Usitie sahihi kabla ya kuijaribu, na jaribio la pampu si mngurumo wa injini. Jaribio la pampu ni maji.

Omba pipa la maji na mpira. Pampu ijazwe maji, iwashwe, ifanye kazi kwa dakika 15 mbele yako ikiyarudisha maji katika pipa lile lile. Tazama mahali palipokuwa panavuja. Tazama bolti: je, zote zipo, na zafanana? Je, pana gundi iliyofura pembeni mahali ambapo hapo kwanza palikuwa na gasketi safi? Omba kuona kipuri kilichotolewa. Fundi mwaminifu hufurahi kukuonyesha, maana ndicho ushahidi wa kazi yake. Kama ni sili, hesabu: vipande viwili vilivyotoka, vipande viwili vilivyoingia.

Pakiwa hakuna maji dukani, usigombane. Andika kwa mkono wako kando ya sahihi, "Nimepokea, sijaijaribu kwa maji." Maneno manne hayo yana thamani kuliko mabishano ya mwezi mzima.

IKIRUDI NA UBOVU ULE ULE

Mpe muuzaji nafasi ya kusahihisha, lakini kwa maandishi na kwa tarehe. Sema wazi kwamba hii ni mara ya pili kwa ubovu ule ule. Taka mashine ifunguliwe ukiwapo. Ikishindikana tena, una haki ya kudai upewe nyingine au urudishiwe fedha.

Akikataa, waweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia haki za wanunuzi. Tena pana Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Mahakama hiyo husikiliza madai ya biashara yasiyozidi shilingi milioni moja, nawe waweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Sheria yataka kesi imalizwe kwa muda wa siku 60. Uliza katika mahakama iliyo karibu nawe kama imekwisha kufunguliwa huko.

Lakini mahakama itakuuliza lile lile nililoulizwa na mwenye duka: karatasi iko wapi?

NENO LA MWISHO

Sisemi kwamba wenye maduka wote ni wajanja, wala kwamba mafundi wote ni wavivu. Mara nyingine sisi wakulima ndio tunaoendesha pampu kavu, kisha twaapa kwamba hatukufanya hivyo. Fundi naye ana haki ya kuambiwa kweli, maana akidanganywa atatafuta ubovu mahali usipokuwapo. Mnunuzi aliyeandika mambo yake sawasawa humsaidia hata muuzaji mwema, kwa kuwa naye aweza kumwonyesha aliyemletea mashine kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo shuleni, na bado nilitia sahihi kitabu nisichokisoma. Pampu ile ingali inafanya kazi hata leo, nayo imefungiwa mfuko wa nailoni wenye daftari ndogo ndani yake. Kila saa ya kazi, kila oili na kila bolti vimeandikwa humo. Nunua daftari ya namna hiyo siku ile ile unaponunua mashine. Bei yake haifiki hata bei ya kilo moja ya nyanya.